Vilimi vya Akordeo Nyekundu

Mkiletewa akordeo ya kutengeneza, msikimbilie bisibisi. Inuseni kwanza. Ikinuka ukungu, ngozi ya ndani imelowa mvua. Ikinuka panya, mtakuta kiota, na ndani ya kiota vipande vya karatasi za kwaya, maana panya wa Kamina wanapenda sana nyimbo. Ikinuka samaki, basi ilikwenda Kinkondja pamoja nasi, na hiyo haina dawa.

Nawaandikia ninyi mnaokuja klabuni kila Alhamisi nyuma ya parokia, wenye vidole vyepesi na haraka nyingi. Mimi ni Papa Numbi, yule mzee anayekaa karibu na mlango na kuwasumbua juu ya mikanda ya mabega. Miaka mingi nilishona viti vya mabehewa katika karakana ya reli, hapa hapa mjini, na kwa miaka karibu hiyo hiyo nilikuwa fundi wa akordeo wa klabu yetu. Reli ilinistaafisha kwa barua. Klabu haikuniandikia kitu. Huko nilijistaafisha mwenyewe, baada ya kumnyang'anya Mama Véro kiti chake bila haki. Wengi wenu mlikuwepo na hamkufungua mdomo, kwa hiyo msijifanye wageni. Nitafika huko. Mzee akianza na aibu yake, hana tena cha kusimulia.

Kwanza mjue mnachokishika. Ndani ya akordeo kuna vilimi vya chuma, vingine vifupi kuliko ukucha wa kidole kidogo. Mvukuto ukisukuma hewa, kilimi kinatetemeka na sauti inatoka. Kila kimoja kimekaa kwenye kibao chake, na kibao kimegandishwa kwa nta. Hewa, chuma, ngozi na nta, basi. Anayewaambia kuna siri nyingine anataka mumnunulie bia.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Banza, fundi wa klabu kabla yangu, mtu mfupi mwenye maneno mafupi zaidi. Alinifundisha kutafuna nta. Nta ya nyuki iliyo safi haishiki meno. Iliyochanganywa inashika, na unabaki unachokoa meno mbele za watu. Alinifundisha hivyo baada ya kosa langu la kwanza, ambalo nitawapa bure.

Ilikuwa mwezi wa kumi, siku zile mvua inapojivuta na jua linatuchoma bila kuchoka. Tulikuwa na tamasha la sikukuu ya parokia, na nta ilikuwa imekwisha. Waleta asali kutoka vijijini walikuwa bado. Mimi, kwa ujanja wangu, nikaomba vipande vya mishumaa vilivyobaki sakristia, nikayeyusha, nikagandisha vilimi vyote vya akordeo moja kwa kazi safi ya kupendeza macho. Tukaanza kupiga chini ya paa la bati. Wimbo wa pili, kilimi kimoja kikadondoka ndani. Kikafuata kingine. Kabla ya wimbo wa tatu kwisha, akordeo ilikuwa inacheza kama kopo la maharage, na watu wakadhani ni mtindo mpya, wakacheza kwelikweli. Papa Banza hakucheza. Alinisubiri nje, akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Numbi," akasema, "mushumaa iko ya Mungu. Akordeo iko ya nyuki."

Kesho yake alinipandisha baiskeli yake na kunituma kijijini kutafuta nta. Nilirudi na nta, miiba ya nyuki mitatu na akili kidogo.

Mambo mengine niliyagundua mwenyewe, na nayasema kwa majivuno. Kila kilimi kina kifuniko kidogo cha ngozi laini kinachozuia hewa isipite upande usiotakiwa. Ngozi ile ilipokosekana mjini nilikata zile picha za mifupa za hospitali, picha za zamani ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa. Zinafaa sana, hazipindi, hazinywi maji. Ile akordeo ya kijani mnayojifunzia ina mbavu za mtu nisiyemjua. Ukiifungua juani utaziona. Popote alipo, namtakia pumzi ndefu.

Na Kinkondja, je? Tulialikwa kwenye harusi. Treni mpaka Bukama, kisha mashua kuteremka Lualaba mpaka ziwani, na akordeo tano zimefungwa kwenye turubai kama wagonjwa. Wenyeji walitupokea kwa heshima kubwa. Vyombo vyetu waliviweka katika nyumba yao iliyo kavu kuliko zote, nyumba ya kuwekea samaki waliokaushwa kwa moshi. Fundi hakatai nyumba kavu, nami nilishukuru. Tulilala siku tatu, tukapiga siku tatu, tukala mpaka mikanda ya suruali ikalalamika.

Tuliporudi Kamina tukagundua tumerudi na samaki ndani ya mivukuto. Kila akordeo ilipofunguka, harufu ikatoka na wimbo. Jumapili iliyofuata paka mmoja aliingia kanisani wakati wa matoleo, akakaa mbele ya akordeo nyekundu, masikio yamesimama, hakutikisika mpaka wimbo ukaisha. Mtu wa kwaya akataka kumfukuza.

"Mumuache," Mama Véro akamwambia bila kuacha kupiga. "Njo yeye moja tu anasikiliza."

Huyo ndiye Mama Véro, kwa wale waliokuja juzi. Ni mtoto wa reli, baba yake aliendesha treni, na yeye mwenyewe alifundisha darasa la kwanza mpaka alipopata pensheni. Akordeo nyekundu ndiyo kubwa pekee tuliyo nayo, na kiti cha mbele kilikuwa chake tangu Papa Banza akiwa hai. Hakukirithi wala hakukiomba. Siku moja alikaa, akapiga, hakuna aliyekuwa na neno. Watu walikuja kwenye tamasha zetu kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Alipopanda kwenye sauti za juu kabisa, wazee walivua kofia bila kujua wanavua. Mimi pia nilivua.

Sasa tufike.

Karakana ya reli ina nyundo, na nyundo hazina huruma na masikio. Asubuhi moja nilimwambia mke wangu kwamba ndege wamehama mtaani kwetu. Akaacha ufagio.

"Ndege gani benye bamehama? Banapiga kelele tangu jua inatoka."

Nilicheka, nikanywa chai yangu, nikaenda kazini. Siku ile ndipo ilinipasa kuacha tupa, chuma cha kukwangulia vilimi, vijana wangu. Sikuacha. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi niliyaficha hata kwangu mwenyewe. Sauti nene nilisikia, sauti za kati nilisikia, maneno ya watu nilisikia nikitaka. Ni zile za juu tu zilizoondoka, kimyakimya.

Ili kilimi kipande sauti, unakikwangua kwa tupa ndogo kwenye ncha. Ili kishuke, unakikwangua karibu na shina. Kidogo sana, kama unafuta vumbi, kisha unasikiliza, kisha tena. Chuma kikiondoka hakirudi. Mimi sikuwa nasikiliza tena, nilikuwa nakisia. Nikishamaliza niligeuka kwa yeyote aliyekuwa chumbani, nikauliza: "Iko sawa?"

Na jibu mnalijua. Makofi mawili ya polepole na kichwa chini: "Eyo vidye." Ndivyo Mluba anavyomwitikia mkubwa wake, nami nililelewa hivyo hivyo. Ni adabu nzuri. Mtoto akiniambia eyo vidye nikimtuma maji, moyo wangu unapoa. Lakini tupa si maji.

Mwaka ule, Pasaka, Mama Véro alipanda kwenye sauti za juu na watu wakakunja nyuso. Nilikuwa nimekaa ubavuni, nikawaona. Jumapili iliyofuata, tena. Minong'ono ikaanza: mama amezeeka, vidole vimekauka, anakanyaga vibonye viwili viwili. Kamati ya klabu ikakaa, watu watano, na mimi mmoja wao. Wakaniuliza swali moja tu la maana: je, chombo ni kizima?

"Nilikitengeneza mwenyewe," nikajibu. "Ni kizima."

Basi kosa likawa la vidole. Na kwa kuwa mimi na Mama Véro tulizeeka pamoja katika klabu, mimi ndiye niliyetumwa kumwambia amwachie kiti Désiré, kijana wa pikipiki za abiria, mwenye mikono ya kukimbia.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake anachagua mchele. Nilizunguka sana, nikasema habari za afya, za wajukuu, za mvua, mwishowe nikasema vidole vinachoka, dada, hata treni inabadilishiwa kichwa. Nilijiona nimesema vizuri.

Aliweka sinia chini.

"Papa Numbi, weye mwenyewe ulisikia namna ninapiga?"

"Nilisikia."

"Mu masikio yako, si mu maneno ya bantu?"

"Mama, nilisikia."

Nilidhani ananikasirikia. Kisha akaingia ndani, akatoka na akordeo nyekundu, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, kibonye kimoja kimoja, akaiweka kwenye sanduku, akafunga kamba.

"Basi, beba."

Nikaibeba. Alhamisi ile hakuja, wala iliyofuata. Kiti cha mbele akakikalia Désiré, na mimi nikasema ndivyo dunia ilivyo, kila mtu na zamu yake. Nilisema hivyo mara nyingi, kwa watu ambao hawakuniuliza.

Tamasha la kwanza la Désiré lilikuwa Base, kambi ya jeshi nje ya mji, mchana wa Jumamosi, mbele ya familia za askari. Watoto walikuwa wengi kuliko nyasi. Nilikaa pembeni ya jukwaa nikiwaangalia watu, maana fundi anaangalia nyuso, hapo ndipo anaona kazi yake. Désiré alianza kama moto, kina mama wakacheza na vitambaa. Akapanda kwenye sauti za juu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafunika sikio la mtoto wake mchanga. Jirani yake akakunja uso. Mstari mzima ukakunja uso, kisha Désiré akashuka, nyuso zikafunguka. Akapanda tena, zikajikunja tena.

Zilikuwa nyuso zile zile za Pasaka. Wimbo mwingine, watu wengine, mikono ya kijana anayepita katikati ya baiskeli za sokoni bila kugusa hata kengele. Hiyo haiwezi kuwa mikono iliyozeeka. Nikahesabu kilichobaki sawa tangu Pasaka, na kilikuwa vitu viwili tu, akordeo na mimi.

Tulipopanda lori kurudi mjini nikamvuta Désiré.

"Zile sauti za juu kabisa, ziko sawa?"

Makofi mawili. "Eyo vidye, tata." Aliniita baba, kwa Kiluba, huku akiangalia viatu vyake.

Nyumbani niliifungua nyekundu mezani, nikachukua miwani mbili, moja juu ya nyingine. Vilimi vya juu nilikuwa nimevikwangua mpaka vikawa kama ganda la kitunguu. Vitatu vilikuwa na ufa. Nilipovigusa kwa ncha ya sindano vikakatika kimoja baada ya kingine, na hata kukatika kwao sikukusikia. Vilimi vya namna ile havipatikani Kamina, wala Lubumbashi sikuvikuta, na waliotengeneza chombo kile hawajulikani walipo. Nililia, vijana. Mke wangu akadhani kuna msiba.

Niliondoka hivyo hivyo kwenda kwa Mama Véro, bila hata kuvaa soksi. Safari hii sikuzunguka na habari za mvua.

"Minyi njo nimeharibu. Masikio yangu ilikufa. Vidole vyako havina kosa."

Akaendelea kushona kifungo.

"Ninajua."

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya Pasaka. Nilisikia siku ile ya kwanza ulinirudishia akordeo. Nilisema, atasikia mwenyewe, ataitengeneza. Haukusikia."

"Na juu ya nini haukuniambia? Nilikuja hapa, nikakuondoa ku kiti, na weye unafunga kamba, unanyamaza!"

"Nilikuuliza, Papa Numbi. Mara mbili nilikuuliza. Ulisema ulisikia." Akakata uzi kwa meno. "Ningesema nini zaidi? Minyi nikitoka mu klabu, niko na wajukuu, niko na kanisa, niko na bantu nilifundisha kusoma, mu kila njia banaita madame, madame. Weye bakikutosha tupa mu mikono, unabakia na nini? Nilisema, acha ikuwe vidole vyangu."

Yule mama alikubali mji mzima useme amekwisha, ili mimi niendelee kuitwa fundi, nami nilikuwa nimembebea sanduku nikijisifu kwa maneno yangu mazuri.

"Rudi," nikamwambia.

"Nitarudi. Lakini utasema mbele yao wote. Si ku kamati. Alhamisi, watoto bote bakiwa pale."

Alhamisi ile mnaikumbuka. Nilisimama karibu na mlango, tupa zangu zote nimezifunga kwenye kitambaa, nikasema kwamba sauti mbaya zilikuwa zangu, si za Mama Véro, kwamba sisikii, na kwamba nilidanganya kamati na kumdanganya yeye. Nilipomaliza, kwa mazoea tu, chumba kizima kikapiga makofi mawili na kuitikia: "Eyo vidye." Mama Véro alikuwa wa kwanza kucheka. Tukacheka wote mpaka machozi, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Ndipo Désiré akasimama, kofia mkononi.

"Tata, siye wote tulijua."

Kicheko kikaisha. Nikawaangalia mmoja mmoja, na mmoja mmoja mkaangalia chini. Wote mlijua. Mlisikia kila siku, mkaona mama wa watu anaondolewa kwenye kiti chake, mkaona afadhali yeye aondoke kuliko kumwambia mzee mmoja kwamba hasikii. Niliwakasirikia siku ile. Bado sijamaliza kuwakasirikia, nawaambia kwa mapenzi. Tunawafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatukuwafundisha la kufanya mkuu mwenyewe asiposikia, na hilo ni kosa letu, wazee. Lakini guu lililovunjika lilikuwa la Mama Véro.

Tupa nilimkabidhi Désiré palepale, na sasa yeye ndiye fundi. Mkono wake bado mzito, anakwangua kama anaondoa kutu kwenye mnyororo wa pikipiki, lakini sikio lake ni zima. Nimempa sheria moja tu, nayo ni yenu pia: anayekwangua si yeye anayesikiliza. Wanakaa wawili, na wa pili ana ruhusa ya kusema hapana, hata kama ni mdogo, hata kama ni mgeni. Atakayesema eyo vidye mbele ya tupa, atoke nje akapige makofi yake kwa mbuzi.

Mama Véro alirudi kwenye kiti cha mbele siku hiyo hiyo. Désiré alikipangusa kwa shati lake. Vilimi vingine vya juu tuliviokoa kwa subira, Mama Véro akisikiliza na Désiré akikwangua, mimi nikiwaeleza wapi chuma bado kina nyama. Vile vitatu vilivyokatika vimebaki mapengo. Ukibonyeza pale, inatoka hewa tupu.

Nilidhani mama ataziepuka nyimbo zenye sauti zile, achague za chini chini kama tunavyofanya sote tukiogopa. Hakuepuka hata moja. Kwenye tamasha la kwanza alipanda mpaka juu kabisa, akafika kwenye pengo, na ile sauti inayokosekana akaitoa kwa koo lake mwenyewe, akashuka tena na vidole. Wageni husema ni mtindo wa Kamina. Wazee wanavua kofia kama zamani. Mimi ile sauti siisikii, sitaisikia tena. Ninaona tu mdomo wake unafunguka, mara tatu katika wimbo mmoja, na kila mara ninajua ni kilimi gani nilichokata.